Nani Aligusa Kompyuta

Mama Gesi anasema alikwenda kudai beseni lake tu. Anaapa kwamba hakuwa na nia ya kuchungulia. Pazia lilikuwa limepandishwa, yeye ana macho, na macho hayana mfuniko kama sufuria. Akamwona yule binti, mdogo wake Fundi, yule wanayemwita Kimya, amekaa kwenye kiti cha wifi yake kama bosi, mguu juu ya mguu, kompyuta inapeperusha kurasa moja baada ya nyingine. Jina likaandikwa. Neno la siri likaandikwa kwa nukta nukta. Mabasi yakajipanga, kiti kikachaguliwa. "Na alikuwa anatabasamu," Mama Gesi alimwambia jirani wa kwanza. Alipomfikia jirani wa tatu, Kimya alikuwa na simu sikioni, anamsomea mtu namba.

Sehemu ya kweli ilikuwa ndogo. Kompyuta ilikuwa inapeperusha kurasa, na Kimya alikuwa chumbani. Lakini alikuwa amesimama, mashati manne aliyotoka kuyanyoosha yamelala mkononi, na kile kiti hakuwahi kukikalia tangu afike nyumba ile, miezi saba sasa. Alisimama kwa sababu herufi zilikuwa zinajiandika zenyewe na hapakuwa na mtu. Kama ni kutabasamu, labda alitabasamu. Nani angeona kitu kama kile akanuna?

Mke wa Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kompyuta, alikuwa akiifanyia kazi kampuni moja inayouza tiketi za basi kwenye mtandao. Kazi yake ilikuwa kuijaribu tovuti kabla wateja hawajakwama. Zamani alibonyeza kwa mkono, mara mia kwa siku, mpaka kidole kikafanya sugu. Siku hizi alikuwa ameandika skripti, yaani maagizo yaliyopangwa mstari kwa mstari, na kompyuta ikayafuata kama mtoto aliyetumwa dukani: fungua kivinjari, ingia kwa jina la mteja wa bandia, chagua basi, shika kiti, nenda hadi malipo, rudi, funga kivinjari. Majaribio yalikuwa kumi na manne, na kila moja lilifungua kivinjari chake. Saa nane mchana skripti iliamka yenyewe, hata kama mwenyewe yuko sokoni. Dakika kumi, imekwisha. Siku nyingi iliendeshwa mafichoni, bila ukurasa wowote kuonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta ilikuwa ya zamani na kuonyesha picha kuliichosha. Siku ya Mama Gesi jaribio moja lilikuwa limeachwa lionekane, kwa kusahau tu.

Maneno ya Mama Gesi yangekufa kama maneno yake mengine. Bahati mbaya, asubuhi iliyofuata, Jumatano, iliingia barua pepe kutoka ofisini.

Mama Kompyuta aliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Akaunti ya majaribio ilikuwa imeonekana ikitumika kutoka kwenye kompyuta yake saa kumi na moja jioni, saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, saa ambazo yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba kazi imekwisha. Aeleze ni nani mwingine anayeitumia kompyuta hiyo. Maelezo yafike kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Mkataba mpya usingetiwa saini mpaka jambo hilo lieleweke.

"Nani mwingine," alisema, akairudia barua kwa macho. "Wameandika 'nani mwingine.' Hawakuuliza kama yupo."

Fundi alikuwa kwenye meza yake ya kazi karibu na mlango, anachonga ufunguo. Alikuwa fundi makufuli. Akaacha tupa ikalala juu ya jiriwa.

"Jana Mama Gesi alisema nini vile?" aliuliza.

*

Walimwita baada ya mtoto kula. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na ndiye aliyemleta Kimya nyumba ile: mama alikuwa na kazi, baba alikuwa na kazi, shangazi alikuwa ameishia darasa la saba na hakuwa na kitu cha kumshika nyumbani kwao. Alikuja kulea. Pasi aliiongeza mwenyewe, akanyoosha nguo za majirani mtoto akilala.

"Wifi, kaa," alisema Mama Kompyuta.

Kimya akakaa kwenye kigoda.

"Unalijua neno langu la siri?"

"Silijui, wifi."

"Mama Gesi kakuona."

"Aliniona nimesimama. Nilikuwa nimeshika mashati."

"Na mashati ndiyo yaliyoingia kwenye akaunti?"

Fundi akacheka, kisha akaona haya ya kucheka, akaanza kutafuta kitu kwenye kopo la funguo kuukuu.

"Ilikuwa inaandika yenyewe," alisema Kimya. "Mimi niliiangalia tu."

"Hiyo ilikuwa saa nane. Ya saa nane naijua, nimeipanga mimi. Nakuuliza ya jioni. Nakuuliza ya alfajiri. Nyumba hii nani anaamka alfajiri?"

Aliyeamka alfajiri ni Kimya. Alichota maji foleni ikiwa fupi, akanyoosha nguo umeme ukiwa bado una nguvu. Hakujibu. Kutojibu kwake kukawekwa upande wa Mama Gesi.

"Basi si huenda ni hicho chombo chenyewe," alisema Fundi, bila kumtazama yeyote. "Kinaanza saa nane, halafu hakijui kuacha."

"Nimeandika mwenyewe mstari wa kukifunga. Njoo uone." Mama Kompyuta akageuza skrini, akaweka kidole. "Huu hapa. Wa mwisho kabisa. Unasoma? Funga. Mimi si mtu wa kuacha mlango wazi, baba, nimeolewa na fundi makufuli."

Fundi akasoma. Mstari ulikuwapo. Kwa kazi yake alikuwa amewafungulia milango watu wengi waliojifungia nje na wengi walioibiwa, na jambo moja alikuwa amelizoea: kila aliyeibiwa alikuwa na jina la mtu tayari, kabla hata ya kuangalia kilichopotea. Alilijua hilo, na alilicheka kwa wateja. Usiku ule, kwake mwenyewe, hakulikumbuka.

"Ukisema ukweli sasa," alimwambia dada yake kwa upole, "hatutakuwa na maneno."

"Kaka, nimeusema."

*

Alhamisi asubuhi, alipokuwa anafagia, Kimya aliona vitufe vya kompyuta vimepakwa poda ya mtoto. Ilikuwa kidogo, kama vumbi la unga, ya kutosha kubaki na alama ya kidole. Akafagia kwa mbali, ubavu ubavu, akiepusha nguo yake isiguse hata mgongo wa kiti. Saa nne Mama Kompyuta alikuja kuinama, akatazama vitufe kwa pembeni, mwanga ukimulika. Poda haikuwa imeguswa.

"Ameiona," alimwambia mumewe. "Angekuwa hana lake angeifuta. Nani anaona uchafu juu ya meza asiufute, na kazi yake ni kufagia?"

Saa tano Fundi alibadilisha kufuli la chumba cha mbele. Kile ndicho chumba cha kompyuta, na cha meza ya pasi, na ndicho alicholala Kimya. Kufuli jipya lilikuja na funguo mbili. Mmoja akautia mfukoni, mwingine akampa mkewe. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe ule wako."

Kimya alikuwa ameuning'iniza shingoni kwa uzi mwekundu tangu wiki ya kwanza, siku kaka yake alipomchongea na kumwambia, chukua, hapa ni kwenu. Akaushika juu ya nguo.

"Si kufuli umelibadilisha? Huu haufungui kitu tena."

"Nipe tu."

Akauvua kichwani. Fundi akauchomoa kwenye uzi, akautupa kwenye kopo la funguo kuukuu, na uzi akamrudishia. Kwa nini alimrudishia uzi, hata yeye hakujua.

Godoro likahamishiwa korido, na meza ya pasi pia, waya wa umeme ukapitishwa chini ya mlango. Mlango ukafungwa kila wenyewe walipotoka. Wapita njia waliona. Mtaa hauhitaji kuambiwa jambo kama lile. Godoro likiwa korido saa sita mchana, limeshasema. Yule mwalimu aliyekuwa akileta mashati yake ndani ya mfuko na kuondoka, siku ile aliyatoa moja moja, akayapanga juu ya meza.

"Saba," alisema. "Umeona nimehesabu saba."

"Nimeona, mwalimu."

"Si kwa ubaya."

"Najua."

Mtoto alikaa naye korido, akigonga mlango uliofungwa kwa kijiko. "Shangazi, kuna nani ndani?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Mbona kunalia?"

Kimya akaweka pasi kando, akasikiliza. Nyuma ya mlango, feni ya ile kompyuta ilikuwa inavuma.

*

Mtu akikaa kwenye nyumba ya wenzake huanza kuzijua sauti zake, ili asikae njiani. Kimya alijua hatua za kaka yake akiwa amepata mteja na akiwa hajapata. Alijua kikohozi cha mtoto cha kweli na cha kutaka kubebwa. Feni ya kompyuta aliijua kama hivyo. Saa nane ilipanda, ikalia kama mtu anayepuliza moto, kisha ikashuka. Siku nyingine haikushuka. Ilivuma mpaka jioni, mpaka yeye akalala, na alipoamka kuchota maji ilikuwa bado inavuma, mpaka wifi yake alipokuja asubuhi, akasonya, akaizima kompyuta na kuiwasha upya. "Imekuwa nzito hii," alisema kila mara. Ilikuwa desturi yake, kama mtu kunawa uso: azime, awashe, ndipo aanze kazi.

Alhamisi ile feni ilishuka baada ya dakika kumi hivi. Mtoto akaacha kugonga. Mama Kompyuta aliporudi saa kumi akafungua mlango, akatazama matokeo, akasema peke yake, "Leo kijani tupu. Leo angalau."

Ijumaa feni ilipanda saa nane na haikushuka. Saa tisa mwalimu alikuja kuchukua mashati yake saba, akahesabu saba, na ilikuwa inavuma. Saa kumi Mama Kompyuta akaingia. Kimya, akiwa anakunja kanga korido, akatega sikio.

"Nyekundu tena," alisema wifi yake. "Kumi na moja nyekundu. Jamani, hii tovuti leo imekunywa nini?"

Kimya akaikunja ile kanga mara mbili zaidi ya ilivyohitaji. Alijaribu kukumbuka Jumanne, siku ya Mama Gesi. Jumanne wifi yake alirudi akalalamika kwamba kurasa zilichelewa, karibu zote nyekundu. Na Jumanne ile feni ilimwimbia mpaka alfajiri.

*

Jioni hiyo ndipo walipomwekea karatasi mbele.

Mama Kompyuta alikuwa ameiandika kwa mwandiko mzuri, akaacha nafasi ya saini chini. Mimi, wifi wa mwenye akaunti, nakiri kwamba niliitumia kompyuta bila ruhusa, kwa kucheza, bila kujua madhara yake. Sitarudia.

"Ni ya kuwaonyesha wao tu," alisema. Sauti yake ilikuwa laini siku hiyo kuliko siku zote za wiki, na Kimya akaiogopa zaidi. "Wanataka jina. Wakipata jina, wanafunga jalada. Hawatakufanya kitu, hawakujui."

"Lakini sikuitumia."

"Wifi, nisikilize. Mimi nikisema sijui nani, napoteza kazi. Wewe ukisema ni wewe, unapoteza nini? Huna kazi ya kupoteza."

Kimya akatazama pasi yake, iliyokuwa imesimama kwa kisigino juu ya meza ya korido, inapoa.

"Na nikisaini?"

Fundi ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayepapasa kufuli asilolijua. "Utakwenda kwa mama kidogo. Ofisi haiwezi kuambiwa ni wewe halafu ukabaki humu humu. Mambo yakipoa utarudi."

"Na nisiposaini?"

"Vyumba hivi anavilipia yeye," alisema Fundi. "Si makufuli yangu. Unajua."

Alijua. Alijua pia kwamba mtu akirudishwa nyumbani na neno kama lile, neno hufika kabla yake, na wa kule hawangesoma hiyo "kwa kucheza." Wangesoma mwizi. Nani angempa tena nguo zake, au mtoto wake, au ufunguo?

"Naomba mniachie mpaka asubuhi," alisema.

*

Jumamosi saa mbili, kabla chai haijapoa, barua pepe nyingine ikaingia. Ofisi ilikuwa imeongeza orodha. Akaunti ilikuwa imetumika pia Ijumaa saa tisa na nusu alasiri.

Mama Kompyuta akasoma, akakaa.

"Saa tisa na nusu chumba kilikuwa kimefungwa," alisema.

"Kimefungwa," alisema Fundi. "Na lile kufuli halifunguliki kwa msumari wala pini. Nimelijaribu mwenyewe."

"Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, nilikuwa nao sokoni."

Fundi akainua macho. Hakupenda pale maneno yalipokuwa yanaelekea.

"Sema unachotaka kusema."

"Sijasema kitu."

"Mke wangu, mimi kompyuta hata kuiwasha siijui."

"Mtu anayefungua kufuli za benki hashindwi na kitufe."

"Au ni wewe," alisema Fundi, na chai ikaachwa kabisa. "Maana tangu Jumatano unatafuta mtu, na mwenye neno la siri ni mmoja tu."

Mtoto akawatazama kwa zamu. Kimya alikuwa kwenye kizingiti, karatasi mkononi, kalamu ameibana kati ya vidole. Alingoja mpaka wote wawili wakaishiwa.

"Wifi, naomba kuuliza."

"Saini kwanza, utauliza baadaye."

"Siku ikitoka nyekundu, maana yake nini?"

Mama Kompyuta akashusha pumzi. "Maana yake jaribio limeshindwa. Ukurasa umechelewa, kitufe hakikuonekana, kitu kama hicho."

"Likishindwa, linaendelea na mistari iliyobaki?"

"Linasimama hapo hapo. Litaendeleaje wakati limesha..."

Hakumaliza.

"Na kufunga ni mstari wa mwisho," alisema Kimya. "Ulimwonyesha kaka." Akangoja tena, kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi: "Mimi shati likiungua, kitu cha kwanza nachomoa pasi. Singojei nimalize kukunja ndiyo nichomoe."

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma tangu jana. Katika mtafaruku wa asubuhi Mama Kompyuta hakuwa ameizima na kuiwasha kama desturi yake. Akavuta kiti. Akafungua ile orodha inayoonyesha kila kinachoendelea ndani ya kompyuta, orodha ambayo hakuwahi kuhitaji kuifungua, kwa kuwa skrini ilikuwa tupu na yeye aliamini skrini. Jina la kivinjari likajipanga chini ya jina la kivinjari, chini ya jina la kivinjari.

Fundi akasogea, akahesabu kwa ncha ya tupa. "Kumi na moja."

Jana nyekundu zilikuwa kumi na moja.

Vyote vilikuwa mle tangu saa nane ya jana, bila uso, vimesimama pale vilipokwama, mteja wa bandia akiwa bado ameingia, kurasa za malipo zikijihuisha zenyewe kila baada ya muda ili zisikatike. Kwa ofisi, huyo alikuwa mtu anayefanya kazi usiku kucha. Na kila asubuhi Mama Kompyuta alikuwa amevifagia vyote kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuzima na kuwasha, kabla hajaviona.

Akarudi kwenye skripti. Akautoa ule mstari chini, akauhamishia kwenye sehemu inayotekelezwa jaribio likifaulu au lisifaulu. Akavizima vile kumi na moja. Kisha akaharibu jaribio moja kwa makusudi, akaliambia litafute kwenye ukurasa wa malipo kitufe kisichokuwapo, akaliendesha. Nyekundu. Wote watatu wakaitazama orodha.

Kivinjari kilikuwa bado kipo.

Mama Kompyuta akageuka. Hakumtazama mumewe, alimtazama Kimya, na yalikuwa macho yale yale ya Jumatano.

"Unaona?" alisema. "Si hilo."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Kimya. Alitamani kuiweka chini, akaogopa kwamba kuiweka kungesomwa vibaya, na kuendelea kuishika pia.

"Feni haijashuka," alisema. "Hukukizima, wifi. Umekifunga, lakini hukukizima."

"Kufunga na kuzima kuna..." Mama Kompyuta akaurudia mstari wake, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Agizo aliloliandika lilikuwa la kufunga ukurasa mmoja: jaribio likifaulu hubaki huo mmoja tu na kivinjari hujizima nao, lakini likikwama ukurasa wa malipo hubaki wazi kando yake. Ukurasa ulifungwa kweli. Kivinjari chenyewe kilibaki nyuma yake, kama mwenye duka aliyeteremsha mlango akabaki ndani na taa. Kulikuwa na agizo jingine, la kukizima chote na kila kilichotoka ndani yake. Alikuwa analijua. Alilijua kwa miaka miwili, na aliliandika sasa kwa vidole vizito.

Akaendesha tena. Nyekundu. Feni ikapanda, ikalia, kisha ikaanza kushuka. Ikashuka zaidi. Mtoto akasema, "Kumenyamaza." Kwenye orodha hapakuwa na kivinjari hata kimoja.

*

Barua ya maelezo ilikwenda saa nne. Kimya alipita nyuma ya kiti na nguo za majirani mkononi, akaisoma, kwa kuwa kusoma alikuwa anajua. Baada ya uchunguzi wa kina nimegundua kasoro katika skripti zangu. Ilikuwa barua nzuri. Ilikuwa na "nimegundua" mbili na "nimerekebisha" moja. Majibu yalirudi saa sita kasoro robo: ofisi imeridhika, inashukuru kwa uaminifu wake, mkataba utatiwa saini Jumatatu.

Mama Kompyuta akajiegemeza, akajifuta uso kwa viganja. "Haya," alisema. "Limekwisha." Akaichukua ile karatasi ya kukiri kutoka mezani, isiyo na saini. Kimya alidhani angeichana. Aliikunja vizuri kati, akaiweka kwenye droo.

"Ya nini hiyo?" aliuliza Fundi.

"Upande wa nyuma ni msafi. Nitaandikia orodha ya sokoni."

Mama Gesi alifika baada ya adhuhuri, habari zikiwa zimemtangulia mpaka kwake na yeye akizirudisha. "Nilisema mimi," alisema mlangoni. "Nilisema, kompyuta ile inajiendesha yenyewe. Si nilisema? Watu hawanisikilizi." Akamgeukia Kimya, akampiga kofi dogo la mapenzi begani. "Mwanangu, umekonda wiki hii. Haya, beseni langu liko wapi?"

Kimya akamletea beseni. Lilikuwa la bluu, lina ufa ukingoni, na Mama Gesi akaukagua ule ufa kama vile ungeweza kuwa mpya.

Alipoondoka, Kimya alikunja godoro lake, akalisimamisha korido, karibu na mlango wa chumba cha mbele. Hakuliingiza. Hakuna aliyemwambia aliingize. Akaenda mpaka kwenye meza ya kaka yake, akasimama upande wa mwanga asimzibe. Kopo la funguo kuukuu lilikuwa pale pale, na kando yake kipande kipya cha ufunguo ambacho hakijachongwa. Ule uzi mwekundu alikuwa ameuzungusha kwenye kidole.

"Kaka," alisema, "naomba unichongee ufunguo wa kufuli jipya."

Tupa ya Fundi ilisimama. Akamtazama mkewe. Mama Kompyuta alikuwa anaitazama skrini, ambayo haikuwa na kitu, mkono mmoja juu ya droo. Fundi akakichukua kile kipande kipya, akakigeuza upande huu na upande ule, akapuliza vumbi la shaba ambalo halikuwapo. Mteja akapiga hodi nje, anataka kufuli la lango. Fundi akakiweka kipande chini, akasema, "Karibu, karibu," akainuka kumpokea.

Kimya akabaki amesimama. Feni ilikuwa imezimika, mtoto alikuwa amelala, hapakuwa na sauti nyingine chumbani, na hakuna ambaye angeweza kusema kwamba hakusikia.